Gololi ya Tisa

Mashine ililia mara moja, mlio wa chuma kinachosagwa, kisha ikakwama. Boti ikapoteza mwendo katikati ya bahari, na upepo ukaigeuza ubavu kwenye mawimbi.

Shemeji, mwalimu wa hesabu asiyejua kukaa bila kusaidia, alirukia kamba ya kuwashia akaivuta kwa nguvu zake zote. Kamba haikuja. Wimbi likawapiga, naye akaangukia ukingo wa boti. Fundi alisikia mfupa wa mkono ukivunjika kabla hajamsikia mwenyewe akipiga kelele.

Kosa lilikuwa la fundi, na alilijua. Walikuwa wakitoka ng'ambo kununua beringi mpya za krenki, ule mhimili wa ndani unaozungushwa na pistoni. Mashine ilikuwa ya marehemu baba yake, kuukuu kuliko wao wote wawili, na wiki nzima ilikuwa ikinguruma vibaya. Shemeji, mdogo wa mumewe, alisema wasubiri meli ya kesho yake. Yeye, mwanamke aliyejijengea jina kwa kufufua mashine zilizokatiwa tamaa, akamjibu, "Itafika tu. Naijua hii."

Jioni ile dhoruba iliwatupa kwenye kisiwa cha mawe matupu, kisicho na mti wala kisima. Kulipokucha, bahari ilikuwa imetulia, boti ilikuwa nzima, na maji ya kunywa yalibaki nusu chupa. Fundi alimfunga shemeji mkono kwa kipande cha ubao na kitambaa chake cha kichwa.

"Vidole unavisikia?"

"Viwili. Vitatu vimekwenda likizo."

Fundi hakucheka. Alifungua mashine, akaiburuta hadi kwenye jiwe bapa, akaanza kulegeza bolti za bloki, ganda la chuma linaloifunika krenki. Nusu mbili zilipoachana, aliona ubaya wote: beringi ya juu imepasuka, gololi zake zimetapakaa ndani. Ringi ya ndani tu ndiyo iliyobaki, imeng'ang'ania krenki.

"Kaa hapa. Ibane kwa magoti."

Shemeji akaibana. Fundi akaikata ringi kwa tupa, polepole, jasho likimdondoka puani. Tupa ikipita kiasi, itachuna krenki, na hapo wameisha. Alipobakiza unene wa ukucha aliweka tindo, akagonga. Ringi ikapasuka.

Akaosha bloki kwa petroli. Shemeji akapanga gololi juu ya jiwe kwa mkono wake mzima, akazihesabu, kisha akahesabu za beringi mpya.

"Mpya ina tisa. Hapa ziko nane."

"Hesabu tena."

"Shemeji, hii ndiyo kazi yangu."

Gololi moja ikibaki ndani, itavunja kila kitu mara mashine ikiwaka. Walitafuta mpaka jua likawa utosini. Midomo yao ilipasuka. Fundi alikuwa karibu kusema basi, iwe itakavyokuwa, shemeji alipoinamisha bloki sikioni na kuitikisa. Kitu kikagonga. Kilikuwa kimejificha kwenye njia ya hewa chini ya silinda. Waya uliopindwa ukakitoa.

Beringi mpya ilikataa kuingia ikiwa baridi. Fundi akawasha vibao vilivyoletwa na mawimbi, akamimina oili koponi, akaitumbukiza humo ipanuke. Ili kupima joto alitaka kutemea mate. Hayakutoka.

Shemeji akafungua chupa, akadondosha tone moja la maji kwenye oili. Ikaruka na kuchachatika.

"Ulitoe kwenye fungu langu," akasema.

Fundi akaitoa beringi kwa waya, akaishika kwa kitambara. Ikienda upande itakwama katikati. Akavuta pumzi, akaisukuma kwenye krenki mara moja. Ikateleza hadi mwisho, ikatulia.

Alirudisha kila kitu, akapaka gundi kwenye maungio, akafunga bolti moja baada ya nyingine. Alipovuta kamba mara ya saba, mashine ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikanguruma. Shemeji akalia bila kuficha uso.

"Nisamehe," fundi alisema. "Ilinipasa kukusikiliza."

"Endesha, shemeji. Utaniomba radhi nchi kavu."

Walikwenda polepole kwa muda wa karibu saa mbili, ufuo ukianza kuonekana kama mstari, ndipo boti kubwa, yenye kasi, ya waliokuwa wakiwatafuta ilipowafikia. Mumewe alikuwa mbele, sauti imemkauka kwa kuita. Akawarushia chupa ya maji.

"Tuwavute?"

"Hatuvutwi!" shemeji akajibu kwa fahari. "Fundi wetu ameifufua. Tunafika wenyewe!"

Fundi aliusikiliza mngurumo ule, laini, usio na doa. Kisha akatazama vidole vya shemeji. Vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

Akanyoosha mkono, akaizima mashine.

"Leteni kamba," akasema. "Na mwende mbio."