Teofila Alibaki Mferejini

Siku ile ilianza kama nyingine. Mpunga ulikuwa umeanikwa nusu ya barabara, magari yakiupisha kwa adabu, na mimi, mwenye digrii ya historia na miaka minne ya kula wali wa mama yangu, nilikuwa naugeuza kwa mguu. Ndiyo kazi pekee ambayo Ufilipino imenipa. Msinicheke, nimeshajicheka vya kutosha.

Mji wetu, Santa Basilisa, ulikuwa unajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu wake, na halmashauri ilitaka kijitabu cha historia ya mji. Nikakiandika, bure. Nikaambiwa Sir Evaristo wa makumbusho ya mkoa atakuja kujionea. Akiridhika, nafasi ya ukarani ni yangu. Kwa nafasi ile ningelamba viatu vya mtu bila kuuliza vimekanyaga nini.

Historia yetu yote ni mfereji mmoja. Mababu walitoka pwani na mikokoteni ya ng'ombe, wakauchimba kwa mikono, mji ukaota ukingoni kama mchicha. Aliyekuwa bado anaijua habari hiyo ni bibi yangu, Apong Teofila, miaka themanini na tisa. Mguu wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Mundu ulikichukua akiwa msichana. Nikampeleka mferejini na mgeni wangu.

"Hapa ndipo alipozama dada yangu," alisema. "Na hapa tulichinja nguruwe kabla ya kufungulia maji."

"Authentic sana," Sir Evaristo alisema, akirekodi kwa simu.

Sasa, kwetu huondoki penye maji hivi hivi. Unajiita kwa jina, kwa sauti, unaiambia nafsi yako twende, usibaki. Nafsi ni kama mtoto, husahaulika mchezoni. Nimelelewa hivyo. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua.

Apong akayageukia maji. "Teofila. Intayon. Twende, usi..."

Sir Evaristo akacheka puani.

Uso ukanichoma. Nikamshika bibi yangu kiwiko. "Apong, basi," nikamnong'oneza. "Unaniaibisha mbele ya mgeni."

Akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akafunga mdomo, akanifuata.

"Wazee bado wanaamini mambo haya?" Sir akauliza njiani, garini mwake.

"Waliamini, sir. Zamani."

Bibi yangu alikuwa amekaa katikati yetu.

Jioni mama alipakua chakula, akamwita. Apong hakugeuka. Akamwita tena, kwa jina.

"Teofila hayupo," Apong akasema polepole. "Mmemwacha kule, halafu mnamwita hapa?"

Mama akaniangalia. "Mlipoondoka, alijiita?"

"Alijiita."

"Alimaliza?"

Nikamwomba anisogezee mboga.

Kwa siku tatu Apong hakula wala kulala. Kitanda kilikuwa kikavu, nguo kavu, lakini ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na zimekunjamana. Kama za mtu aliyeshinda majini.

"Nenda kamwite," mama akasema. "Wewe uliyemziba mdomo. Na upaze sauti."

Nilifika saa sita mchana, jua la utosi. Wanaume sita wa chama cha mfereji walikuwa wanazoa tope.

"Ee, profesa," akasema Manong Crispulo, jirani yetu. "Umekuja kutuandika au kutusaidia? Koleo halitaki digrii."

Wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia ng'ambo. Palikuwa na kofia ya majani. Chini yake, mgongo mdogo umeinama.

"Manong, yule pale ni nani?"

Akaangalia. "Pale wapi?"

Nilitakiwa kupaza sauti. Wanaume sita walikuwa wananitazama. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikanong'ona.

"Teofila. Twende. Usibaki."

Mgongo ukanyooka. Taratibu. Kofia ikainamia upande, kama ya mtu aliyesikia kitu na hana hakika kama ni jina lake.

Sikurudia.

Nikashika barabara. Nyuma yangu, chap. Miguu mitupu, yenye maji, juu ya lami kavu. Chap. Inasimama. Inakuja. Inapotea tena, kama inatafuta njia. Sikugeuka. Sikuita.

Nyumbani mama alikuwa ameshamfunika Apong uso.

"Amekufa sasa hivi," akasema. "Alikuwa anaangalia mlango."

Nami niliisikia miguu ile ikifika baada yangu. Ikasimama kizingitini.

Mwaka umepita. Ukarani alipewa mpwa wa mtu. Kijitabu kilichapishwa, na ukurasa wa kumi na moja nimeandika mwenyewe, "Wazee waliamini kwamba nafsi huweza kusahaulika." Waliamini.

Kila mchana tukipakua, sakafu ya mianzi inalowa. Nyayo ndogo, za tope bichi la mferejini, toka mlangoni hadi nyuma ya kiti changu. Hakuna zinazorudi. Mguu wa kushoto una vidole vinne. Mama anazifuta kwa kitambaa, bila kuniangalia.

Jana Manong Crispulo alikuja kula kwetu. Unyayo wa mwisho ulipojichora pembeni ya kiti, niliuwekea mguu juu haraka, asije akauona.

Ulikuwa na joto.