Gesi ya Kahawia ya Mikese

Raya aliruka uzio wa ghala na kuangukia majani makavu. Risasi ikachimba tofali juu ya kichwa chake.

Akalala kifudifudi. 

"Kipanga, jibu." Redio ilikoroma, ikimwita Raya kwa jina lake la kazi. Alikuwa Hatibu, mkuu wake, akiwa Morogoro mjini.

"Niko ndani ya uzio, mkuu. Anselmi yuko peke yake."

"Upepo?"

"Umeanza kupanda milimani."

"Basi wahi."

Kwa wiki kadhaa watu wa Kinole, juu milimani, walikuwa wakikohoa kila mchana, na majani ya maharage yao yalikuwa yakiingia madoa meupe. Idara ya kina Raya ilitafuta kiwanda huko mlimani, isikione. Kipimo cha hewa cha Raya, kidogo kama simu, ndicho kilichomrudisha bondeni, hadi Mikese, kando ya barabara kuu.

Hapo Anselmi alisafisha dhahabu ya magendo kwa kuyeyusha kwenye tindikali shaba iliyochanganyika nayo. Asubuhi ilitoka gesi ya kahawia. Njiani ilichanganyika na mvuke wa mafuta ya malori, jua likaipiga, ikageuka ozoni. Rangi ilipotea. Sumu ilibaki.

Kinole hawakuona kitu. Walivuta tu.

Leo Anselmi alikuwa na tangi zima la tindikali.

"Dada!" alipiga kelele kutoka ndani. "Ondoeni polisi barabarani, Fuso yangu ipite! La sivyo namwaga tindikali yote kwenye shaba!"

"Kaka Anselmi, mama yako si yuko Kinole?"

"Nimeshamhamisha."

Kisha Raya akasikia koki ya tangi ikifunguliwa.

Gesi ikatambaa chini ya mlango, nzito, rangi ya kutu. Barakoa yake ilikuwa kwenye pikipiki, ng'ambo ya uzio. Alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa tayari imegeuka.

Akajaza mapafu hewa, akaupiga mlango teke.

Ndani hakuona hata mikono yake. Macho yaliwaka. Alipapasa bomba, akaipata koki, akaizungusha. Ilikwama. Akaning'inia nayo kwa uzito wake wote.

Ikafunga.

Pumzi ikamwishia hatua mbili kabla ya mlango wa nyuma. Akavuta. Mara moja tu.

Nje, Anselmi alikuwa akipanda Fuso, barakoa usoni.

"Shuka." Raya alimwelekezea bastola yake ya Glock kifuani.

Anselmi alishuka, akavua barakoa, akacheka. "Umevuta, dada. Sasa hivi utajiona mzima. Jioni mapafu yatajaa maji."

Raya alijua ni kweli. Akamfunga pingu.

"Kipanga! Kinole vipi?" Hatibu aliuliza redioni.

"Kinole salama, mkuu. Koki imefungwa."

"Na wewe?"

Alimeza mate. Yalikuwa na ladha ya chuma.

"Waambie hospitali waandae oksijeni."

Polisi walipoingia, aliwakabidhi Anselmi, akatembea polepole hadi kwenye Land Cruiser, akaketi mbele na kufunga mkanda.

"Twende mjini, afande," alimwambia dereva. "Na usinisemeshe. Natunza pumzi inifikishe hospitali."