Moto wa Bibi Wankyo

Kila asubuhi kabla ya shule, Mama alitukagua mlangoni: soksi mbili, suruali mbili, kofia, glovu.

"Isaya, masikio!" alisema, na mdogo wangu akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Tuliishi ghorofa ya tano katika mji mdogo wa kaskazini mwa China, ambako mto huganda hadi watu hutembea juu yake. Baba alifundisha katika chuo cha mifugo. Kodi ya nyumba pale ilikuwa nafuu, nafuu kuliko alipokuwa amepanga Musoma mjini, ndiyo maana aliweza kutuchukua sote. Nje baridi ilitung'ata, lakini ndani mabomba ya maji moto yalipita ukutani. Baba alikuwa ameziba kingo za madirisha yote kwa utepe wa gundi, kama walivyofanya majirani, upepo usipenye.

Siku moja ya Desemba tulirudi shuleni tukamkuta Baba ameketi na koti lake, simu mkononi.

"Rhobi, Isaya, kaeni," alisema. "Bibi yenu Wankyo ametutoka. Wanazika kesho, Butiama. Hata tukipata ndege leo, hatuwahi."

Mama alijifunika kanga usoni. Mimi nilifikiria mboga ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Bibi alipopika furu, alinitengea samaki mwenye kichwa, akisema, "Huyu mwenye macho ni wa Rhobi. Ataona mbali."

Baba alisimama, akaketi, akasimama tena. "Mama yangu amelala kule, na mimi mwanawe wa mwisho sina hata moto wa msiba!"

Akatoa kabatini jiko dogo la udongo ambalo Mama alilibeba kutoka Bunda ndani ya begi la nguo. Siku ile Baba alimcheka sana. Sasa alilishika kwa mikono miwili. Alishuka kuwasha uwanjani, lakini mlinzi alimkatalia. Akanunua mkaa kwa muuza mishikaki, akapanda nao, akauwasha katikati ya sebule.

"Baba," nilisema taratibu, "mwalimu wetu alisema mkaa usiwashwe ndani wakati wa baridi. Una hewa ya sumu, haina harufu."

"Mwalimu wako anajua msiba wetu?"

"Hapana, Baba, lakini..."

"Kwetu tunaukalia moto mpaka mazishi yaishe. Hauzimwi. Nyamaza, mwanangu, tumlilie Bibi."

Nikaketi kando ya Isaya. Saa kumi na moja jioni kulikuwa na giza tayari, ndivyo majira yale yalivyo kule. Tuliuzunguka moto, na Baba akasimulia jinsi Bibi alivyomkimbiza na mwiko kwa kuiba karanga za mbegu. Tulicheka kidogo. Kisha Isaya akasema kichwa kinamuuma.

"Hata mimi," Mama alisema. "Ni kulia huku. Rhobi, hebu shuka dukani ulete sukari."

Kichwa changu pia kiligonga kama ngoma. Lakini nilipofika nje, baridi ikanipiga usoni, nikavuta pumzi mara kadhaa. Niliporudi na sukari, maumivu yalikuwa yamepungua. Nilisimama mlangoni nikishangaa. Huzuni yangu sikuwa nimeiacha dukani. Mbona kichwa kimepoa?

Nilifungua mlango. Isaya alikuwa amelala sakafuni, ametapika.

"Isaya! Isaya, amka!"

Hakuamka. Mama alikuwa ameegemea kochi, mdomo wazi. Baba alijaribu kusimama, magoti yakakataa.

"Miguu... Rhobi, miguu yangu..."

Nilikimbilia dirishani, nikachana utepe kwa kucha. Dirisha lilikuwa limeganda, halikusogea. Nikalisukuma kwa bega. Halikusogea. Nikaanza kuona vimulimuli. Nikaacha mlango wazi, nikamshika Isaya kwapani, nikamburuta hadi kwenye ngazi. Kisha nikaupiga mlango wa jirani kwa ngumi zote mbili.

"Bibi Liu! Mkaa! Wazazi wangu wamo ndani!" nilipiga kelele kwa Kichina.

Bibi Liu alitoka na kandambili. Hakuuliza swali. Alifunga kitambaa puani, akaingia, akagonga dirisha kwa kitako cha sufuria mpaka barafu ikavunjika na baridi ikaingia. Alilinyanyua jiko kwa taulo lililolowa, akalitupa na moto wake kwenye theluji ya roshani. Tukamvuta Mama pamoja. Baba alitambaa mwenyewe, akilia, "Mtoto wangu! Mtoto wangu yuko wapi?"

Isaya alikuwa kwenye ngazi, kimya. Nilimpapasa kifuani. Nilimwita jina lake tena na tena. Gari la wagonjwa lilipofika ndipo akakohoa.

Hospitalini walitupa hewa safi ya mitungi. Kesho yake, baada ya mazishi, Baba Mkubwa Stanslaus alitupigia simu ya video kutoka Butiama. Baba alimweleza kila kitu, hakuficha.

"Mwikwabe," Baba Mkubwa aliuliza, "moto wa msiba tunauwashaga wapi?"

"Uwanjani, kaka."

"Umewahi kuona mtu anauingiza chumbani na kufunga madirisha?"

Baba aliinamisha kichwa. "Sijawahi."

"Moto ule ni wa kuwakusanya waliobaki. Wewe karibu uwamalize. Mkaa hauna nafasi ndani ya nyumba iliyofungwa, iwe huko au hapa Butiama. Na mtoto akileta jambo alilofundishwa, lisikilize kwanza, hata kama una uchungu." Akanitazama. "Rhobi, mwanangu, ulisema kwa heshima, na ulipokatazwa hukuacha kufikiri. Endelea hivyo hivyo."

"Ahsante, Baba Mkubwa."

"Sasa kaeni vizuri. Moto wenu ni huu hapa."

Akaiegemeza simu kwenye jiwe, ikitazama moto wa uwanjani. Tuliona miguu ya watu, kuni, na moshi ukipanda kwenye anga la Butiama. Baba alisogea, akakaa kitandani katikati yetu.

Isaya alitazama kwa muda. Kisha akanyoosha viganja vyake mbele ya simu, kama anayeota moto.