Vidole vya Kitindamimba

Kulipokucha, Chiriku alikuwa ameshajaza maji mapipa yote, amefagia uwanja na kuosha vyombo. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu zamani hakuna aliyemshinda kwa maneno. Siku hizi alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Mama yake, fundi cherehani, alimtazama akipiga deki sakafu isiyo na hata chembe ya vumbi. Tangu ile ajali, mama alizungumza naye mambo ya lazima tu: leta chumvi, funga mlango.

Ajali yenyewe ilikuwa hivi. Mama alikwenda kumpelekea mteja nguo, akamwachia Chiriku mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye wote walimwita Kitindamimba. "Usimwache peke yake, chai iko motoni," alimwonya. Mara rafiki zake Chiriku wakamwita nje kuruka kamba. "Narudi sasa hivi," Chiriku alijiambia. Kilichomrudisha ni mayowe. Mtoto alikuwa ameivuta sufuria, na chai imemwagikia mkono wa kulia. Mama alipouliza, Chiriku alijibu kwamba alikuwa chooni.

Toka siku hiyo hakujua kupumzika. Nyumbani alifanya kazi kama punda. Kanisani alifagia, akapanga viti, akaimba kwaya, tena akafunga bila kula mpaka akazimia darasani. Moyoni alijiambia: nikijitaabisha vya kutosha, Mungu atavinyoosha vidole vya mdogo wangu vilivyojikunja kwa kuungua.

Ikafika siku ya kurudi hospitalini. Daktari aliushika ule mkono, akavigusa polepole vidole vilivyokunjamana, kisha akashusha pumzi.

"Pole, mama. Kovu limevivuta. Havitanyooka tena. Tumfundishe kutumia mkono wa kushoto."

Jumapili iliyofuata, Chiriku alikataa kuvaa nguo za kanisani.

"Siendi," alisema. "Nimefagia, nimefunga, nimeimba. Mungu hakuniona. Ananichukia, kama wewe mama."

Mama alikuwa akimfunga Kitindamimba vifungo vya gauni. Mikono yake ikasita. Akaketi kitandani.

"Sikuchukii," alisema. "Ila sitakudanganya, mwanangu. Nimekukasirikia. Kila nikimlisha mdogo wako, hasira inanipanda mpaka kooni. Ndiyo maana nilinyamaza, nikiogopa yatakayonitoka."

Chiriku akaangua kilio. "Mama, siku ile sikuwa chooni. Nilikuwa naruka kamba."

"Najua. Majirani waliniambia siku ileile. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Mama akamvuta karibu. "Nimekusamehe. Na wewe unisamehe kwa kimya changu."

"Na vidole je?"

"Vidole vitabaki hivyo hivyo. Sikia, mwanangu. Yesu hakukuajiri hata ukangoja akulipe. Msamaha wake haununuliwi kwa ufagio wala kwa njaa. Mwambie kweli, umwachie huo mzigo. Mimi mwenyewe hasira yangu namkabidhi asubuhi, ikifika mchana nimeshamnyang'anya! Basi namrudishia tena, wala hachoki kuipokea. Pumziko analotupa si kusema machungu yamekwisha. Ni kujua kwamba huyabebi peke yako."

Wakapiga magoti palepale kando ya kitanda. Chiriku hakuomba vidole. Alisema tu kwamba alimwacha mtoto, akasema uongo, na kwamba amechoka. Kisha akanyamaza, na kwa mara ya kwanza kimya hakikumtisha.

Walifika kanisani wamechelewa, wakakaa benchi la nyuma. Mahubiri hayajafika hata katikati, Chiriku alikuwa amelala fofofo begani kwa mama, mdomo wazi. Mzee wa kanisa akaja akinyata ili amwamshe.

"Mwache, mzee," mama alinong'ona. "Alikuwa anafikiri ni lazima kwanza amalize kazi ndipo apumzike."