Bastola Mbili na Karatasi ya Tatu

JUMAMOSI, SAA NANE NA DAKIKA KUMI MCHANA

Gilyang, fundi wa bunduki, alizungushia wino matundu ya karatasi ya pili ya shabaha. Risasi tano, mita ishirini na tano. Rivolva, kaliba arobaini na nne.

"Upana wa mdomo wa kikombe," alisema. Akaonyesha karatasi ya kwanza. "Bastola yako ya arobaini na tano imetawanya. Upana wa sahani."

"Lakini rivolva ina teke," alisema Bernabe, mkubwa wa genge. "Mkono unaruka. Risasi ya pili inachelewa."

"Shabaha haikukimbizi, kaka."

"Mimi nina haraka."

Hakuna jirani aliyeuliza habari za milio. Danao, mji wa mafundi wa bunduki, mlio wa risasi haumwamshi hata mtoto mchanga.

Bernabe alirudia mpango. Kesho, saa nne na dakika ishirini asubuhi, uwanja wa mashindano. Wapigaji sitini, silaha zote tupu. Sheria: hakuna kujaza risasi mpaka uitwe mstarini. Mwenye risasi ndani ni mmoja tu, aliyeitwa. Bernabe ataitwa mstarini. Atageuka. Dereva wao, Poldo, ataingiza gari, watapakia masanduku ya silaha, watapotea.

Ni Gilyang mwenyewe aliyewaambia sheria hiyo, baada ya karakana ya bunduki ya baba yake kufungwa na njaa kuhamia ndani. Alitoa sharti moja: Osting asiguswe. Osting ni kaka yake wa damu, msimamizi wa mashindano, husimama nyuma ya bega la mpigaji. Hajui lolote.

"Utamfanyaje Osting?"

"Nitamwambia alale chini. Nimekula wali kwake, Gilyang. Mimi si mbwa."

SAA NANE NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO

Poldo aliingia na karatasi ya tatu, akaitupa mezani.

Matundu mawili, yamebanana kifuani. Kingo nyeusi. Gilyang alizigusa, kidole kikatoka na masizi. Baruti haiunguzi karatasi kwa mita ishirini na tano. Hii ilipigwa kwa umbali wa mkono.

Nyuma ya mpigaji, kwa umbali wa mkono, husimama mtu mmoja tu.

"Na hii?"

"Ya kugeuka hiyo, dada!" Poldo alicheka. "Mzee anageuka kama mcheza dansi..."

"Poldo. Mdomo," alisema Bernabe.

Jogoo aliwika uani. Gilyang aliikunja karatasi, taratibu.

"Basi chukua bastola," alisema. "Rivolva ni ya karatasi. Bastola inarudi upesi. Ila kifyatulio kinakwaruza. Niachie zote, njoo saa kumi na mbili asubuhi."

Bernabe alikivuta bastola ikiwa tupu, sikio karibu. Ta.

"Kesho nitaisikiliza tena kabla sijaondoka."

"Isikilize."

SAA KUMI NA MOJA JIONI

Rivolva aliifungia kabatini. Bastola aliifungua, akatoa pini inayogonga risasi, akaibana kwenye jiriwa. Akashika tupa, akaanza kuikwangua.

Pini fupi hulia sawa na ndefu, ila haiifikii risasi. Sikio halijui. Risasi ndiyo inayojua, na risasi haitaingia mpaka mstarini.

Simu ililia.

"Gilyang, kesho niletee wali uliofungwa kwenye majani," alisema Osting. "Chakula cha uwanjani hakiliki."

"Nitaleta. Osting, kesho mpigaji akikugeukia, usilale chini. Mrukie mkono."

"Mpigaji gani?"

"Niahidi kwanza."

"Haya, mama mkwe," Osting alitania. "Nimeahidi."

Alikata simu, akaikagua pini; mkono wake hakuuamini tena jioni hiyo. Ulibaki unene wa kucha wa kuondoa, na tupa ikiteleza hapo mlio utabadilika. Akaiacha pini ndani ya jiriwa, akaifunika kitambaa. Kucha hiyo ataimaliza alfajiri na kuirudisha pini ndani ya bastola, kabla Bernabe hajabisha.