Gari Lisilosikika

Foleni ya petroli pale Chang'ombe ilikuwa imepinda mara mbili, na Marselino alikuwa amekumbatia dumu lake la lita tano tangu alfajiri, jua limeshaanza kumchoma utosi. Mara likaja gari jekundu la Kiswidi, likajichomeka mbele yake bila hata haya. Mwenyewe akateremka, kitambi kimetangulia ndani ya suti ya Kaunda, akaenda kuongea na mwenye pampu pembeni. Naizi bwana, hao wakubwa wa mashirika! Mwaka ule wa themanini na tatu kabwela alipanga foleni hadi ya sabuni, lakini wao foleni waliisikia redioni tu.

Kilichomkera Marselino zaidi ni mlio. Lile gari lilikuwa na taabo, ile feni ya kuisukumia injini upepo, na lilipopunguza mwendo lilitoa sauti ya kwekwekwe, kama kuku anayekabwa. Fundi gani angenyamaza?

"Dada, gari lako linaumwa," alimwambia msichana aliyebaki ndani.

"Si langu. La bosi."

"Basi mwambie bosi linajiua. Akiachia mafuta, upepo wa taabo unakosa mlango, unarudi kinyumenyume. Kuna valvu imekazwa mno. Mie nailegeza kwa nusu saa."

Hapo msichana akageuka. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, limemshika kiunoni, na nywele zake za kalikiti, zilizotiwa dawa zikawa mawimbi, ziling'aa mafuta.

"Na huo ulimi wako? Nao unalegezwa kwa nusu saa, au umezaliwa nao hivyo?"

"Huu unahitaji fundi wa kike."

Akacheka, akaziba mdomo, akamtazama bosi wake kule kwenye pampu kwa woga. Marselino aliuona ule woga, akauonea uchungu palepale. Ndivyo mapenzi yalivyomwanza, masikini.

Jina lake Demetria, mtu wa Bukoba, karani wa kupiga chapa katika shirika ambalo yule bwana, Gozbert, alikuwa meneja. Gozbert alimpa kazi, akampa na nyumba ya shirika Kinondoni, ufunguo mmoja akabaki nao yeye. Alifika siku aliyotaka, saa aliyotaka. Ukimkataa, kazi huna na nyumba huna, na mwaka ule asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani akapelekwa kijijini kulima.

Gari likaletwa gereji Temeke. Marselino akalegeza nati, akazungusha skrubu ya springi nusu duru, akajaribu, akaongeza robo. Kwekwekwe ikaisha. Gozbert akafurahi, akawa mteja. Baada ya miezi miwili, Demetria naye alikuwa wa Marselino, kwa siri, roho mkononi. Gari liliporudi kubadilishwa oili, yeye akabaki kulilinda, akamnong'oneza fundi:

"Mpenzi, hiyo valvu huwezi kuifanya ipige kelele? Nimsikie akiwa bado kule konani."

"Wewe mwanamke wewe! Utaniua."

"Nakuokoa, mjinga."

Marselino akaifungua valvu, upepo utokee nje kabisa. Tangu siku hiyo gari lilipokata kona ya Kinondoni lilisema pshiiii, mtaa mzima ukasikia, na Marselino akatokea mlango wa uani, viatu mkononi. Jumapili hawakuhitaji hata hiyo. Ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, kubana petroli, na Gozbert alikaa kwake na mkewe. Jumapili kuanzia saa tisa ilikuwa yao.

"Tuoane, Demetria," Marselino aliuliza kila Jumapili.

"Subiri mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi upi? Imekuwa kama sukari ya ushirika, kila siku inakuja kesho!"

"Subiri, laazizi. Nitokeje hapa bila kujipanga?"

Alhamisi moja Marselino alikutana sokoni Tandale na Hamisa, jirani yake Demetria, mwanamke asiyeweza kukaa na neno hata akimeza maji.

"Pole, fundi."

"Pole ya nini?"

"Hujui? Demetria kaandikiwa kibali cha harusi kwa mjumbe. Sukari kilo kumi, mchele, na doti za khanga. Nimemwona kwa macho yangu akitoka nacho."

"Bwana harusi nani?"

"He! Nani mwingine? Mwenye gari. Anaongeza mke wa pili, hao wana haya? Ulidhani kilo kumi za sukari anaandikiwa fundi wa Temeke?"

Marselino hakununua alichokwendea. Usiku hakulala. Ijumaa simu ya gereji ikalia.

"Haloo, fundi wangu wa mapafu ya gari?" Sauti ya Demetria ilikuwa na kicheko ndani. "Jumapili usikose. Na uvae lile shati jeupe. Nina jambo la kukuambia."

"Niambie sasa."

"Kwenye simu ya ofisi? Ng'o! Mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna, nakujua. Njoo, utanunua tabasamu."

Angeuliza swali moja tu, mambo yangekwisha. Hakuuliza. Kiburi kilimkaba. Alijua anaitwa kuagwa, tena avae shati jeupe kabisa, achekwe vizuri.

Jumamosi Gozbert akaingia gereji mwenyewe.

"Fundi, hili pshiiii limenichosha. Lizime."

"Mbona ulilipenda, mzee?"

"Yule binti ananizunguka. Kila nikifika namkuta anahema. Sasa nimepata kibali cha kutembeza gari Jumapili. Kesho saa tisa nataka nifike mlangoni kama paka."

Saa tisa. Marselino alishika spana akasimama. Aliwaza: haya, akafike. Mimi sitakuwepo. Amkute bibi harusi wake kajipamba anamngoja mwanamume mwingine, ndoa yao ianzie hapo. Akachukua kipande cha paipu ya mpira, akakifunga kwenye mdomo wa valvu na kuurudisha upepo ndani, penye kichujio cha hewa. Akalijaribu barabarani. Kimya. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Jumapili alikaa Temeke anacheza bao. Alishinda mara nne.

Jumatatu asubuhi Demetria alikuja gereji. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga, na kitenge chake cha machungwa kimechanika begani.

"Valvu yako imeharibika, Marselino," alisema. "Haikulia."

Marselino akaiweka spana chini.

"Nilisikia mlango, nikajua ni wewe. Nikasema ingia, mume wangu, funga macho kwanza. Nilikuwa nimepanga kila kitu mezani. Sukari, khanga za mama yako, kibali. Kibali chetu! Nilitaka ukione ukiwa umevaa vizuri." Akajifuta pua. "Kumbe ni bosi. Akanipiga. Sukari yote akaimwaga uani akaikanyagakanyaga. Kazi kaniachisha, ufunguo kanipokonya. Halafu akasoma jina lako kwenye kibali, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, Marselino. Kwa nini alicheka?"

"Demetria..."

"Na wewe mbona hukuja?"

Angeweza kudanganya. Mwanamke alikuwa ameshamwekea uongo tayari mdomoni: valvu imeharibika. Kudanganya ilikuwa kutikisa kichwa tu. Akafungua kinywa, ukweli ukamtoka kama matapishi, wote, Hamisa, paipu ya mpira, na saa tisa.

"Ulijua anakuja," Demetria alisema taratibu.

"Nilidhani harusi ni yako na yeye. Nilikuwa na wivu, mpenzi wangu. Nisamehe. Nakuoa leo hii, hivi hivi, bila sukari."

"Ulijua anakuja, ukaenda kucheza bao?"

Hakulia. Angelia, Marselino angejua la kufanya. Akasema tu, "Twende kwa mjumbe," na Marselino akamfuata hadi Kinondoni, mpumbavu, akidhani wanakwenda kuandikisha ndoa.

Mzee Ansbert, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa barazani na daftari lake.

"Shikamoo, mzee," Demetria alisema. "Naomba barua ya kuhama. Narudi Bukoba."

Mzee alimtazama uso, akaguna. "Barua siwezi kukupa mpaka urudishe kibali cha harusi, mwanangu. Na lazima niandike sababu, juu wananiuliza."

Demetria akakitoa kifuani, kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani.

"Andika bwana harusi hakutokea."

Mzee akavaa miwani, akasoma jina, akamtazama kijana aliyesimama kando, mikono myeusi kwa grisi. "Marselino si ndiye huyu?"

"Hapana, mzee," Demetria alisema. "Huyu ni fundi wa gari la bosi."

Mzee Ansbert akachovya kalamu, akaandika.