Karatasi ya Ndege Iliyovalishwa Plastiki

Kila siku akitoka shule, Kidoti alikuwa na kazi zake. Aliokota vipande vya uzi chini ya cherehani ya bibi yake, akapanga vifungo kwa rangi, kisha akategewa kitendawili kabla ya kumiminiwa chai. Jina hilo la Kidoti alipewa kwa sababu ya doa dogo jeusi kidevuni, na hata walimu walimwita hivyo hivyo.

"Kitendawili!" alisema Bibi Ijumaa moja, mguu ukiwa juu ya pedeli.

"Tega!"

"Nyumba yangu naingia kwa mlango mmoja, natokea kwa miwili."

Kidoti alitazama kulia, akatazama kushoto. Macho yake yakatua kwenye sare iliyokuwa mapajani mwa Bibi. "Suruali!"

"Ehee! Mke mwenzangu una akili wewe. Ndiyo maana yule mzee ananisahau mimi."

Babu, aliyekuwa mlangoni na gazeti lake, alikohoa. "Msinitie kwenye ugomvi wenu. Mimi nasoma."

"Anasoma huku kalishika gazeti juu chini," alisema Bibi, na Kidoti akacheka mpaka vifungo vikamwagika.

Lakini siku zile kicheko cha Bibi kilikuwa chembamba. Mama na baba yake Kidoti walifanya kazi nchi ya mbali. Mama alikuwa mjamzito, na daktari alikwishamwambia kwamba atajifungua kwa kupasuliwa. "Mama, uje," alisema kwenye simu. "Nikiamka kitandani nataka nione uso wako." Basi Bibi, ambaye hajawahi kupanda ndege maisha yake yote, akaanza kutafuta viza. Alingoja miezi miwili kupewa siku ya kwenda ubalozini. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano inayofuata, saa tatu asubuhi.

Miongoni mwa karatasi zilizotakiwa, ilikuwemo moja ya kuonyesha siku ya kuruka na siku ya kurudi. Ijumaa ile Kidoti alitumwa akaichukue kwa wakala wa safari, mama mmoja mwenye miwani iliyokaa zaidi kichwani kuliko machoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Tiketi.

"Shika," alisema Mama Tiketi, akiitoa karatasi kwenye printa ikiwa bado ya moto. "Na unisikilize vizuri, mwanangu. Hii si tiketi. Ni nafasi ya muda. Shirika la ndege limemshikia bibi yako kiti, lakini halimshikii milele. Mengine hushika siku moja, mengine siku mbili tatu, machache hufika hata wiki mbili. Hili limetupa mpaka Jumatatu saa kumi jioni. Mwambie bibi yako hivyo. Na wewe Jumatatu ukitoka shule upite hapa, niombe tuongezewe kabla hawajakiachia. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kweli, lakini mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje. Njiani akapata wazo lililomfanya atembee kwa madaha. Nyumbani kwao, kila karatasi ya maana ilivalishwa plastiki: vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, hata picha ya harusi ya Bibi. Akaingia duka la fotokopi, na mzee wa dukani akaipitisha karatasi kwenye mashine ya moto. Ikatoka inang'aa, ngumu kama sahani.

Bibi alipoiona alishika kifua. "Jamani, mjukuu wangu! Mtu mzima asingewaza hivi. Mzee, njoo uone akili ya mtoto!"

Babu akaja, akaigonga kwa kidole, akaisifu. Sifa zikamjaa Kidoti tele, na ujumbe wa Mama Tiketi ukakosa pa kupitia. Akasema moyoni kwamba si neno, Jumatatu atapita mwenyewe, na Bibi hatakuwa na haja ya kujua.

Jumatatu kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba. Darasa lao lilikuwa linaongoza, na Kidoti ndiye aliyekuwa mrukaji wa mwisho. Kengele ya saa kumi ilipolia, alikuwa hewani. Alitua chini, kamba ikamshinda, wenzake wakaguna. Hapo ndipo alipokumbuka neno la Mama Tiketi, na saa imeshapita.

Jumanne, wakirudi nyumbani, alimweleza rafiki yake. Huyo walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Sasa unalia nini?" aliuliza Redio. "Si umeivalisha plastiki? Itaharibikaje?"

"Haiharibiki. Inaisha muda."

"Imeandikwa wapi kwamba imeisha? Imegeuka rangi?"

"Haijageuka."

"Basi! Funga mdomo wako. Bibi anaenda, anatoa karatasi, wanapiga muhuri. Nani atajua?"

Maneno yale yalimliwaza Kidoti mpaka alipofika mlangoni. Ndani, Bibi alikuwa amenyoosha gauni lake la kijani kwa pasi, na karatasi zote amezipanga kitandani kwa mstari, ile inayong'aa ikiwa ya kwanza. Simu ilikuwa sikioni.

"Hapana, mwanangu, usiogope," alikuwa akisema kwa sauti aliyoitumia kumbembelezea Kidoti homa ilipomshika. "Kesho nawapelekea karatasi zangu. Kila kitu kimetimia. Mama yako anakuja. Wewe lala tu, umpumzishe huyo mgeni wetu."

Alipokata simu, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, akamwona mjukuu wake amesimama na mkoba mgongoni.

"Mbona umesimama kama mdai? Ingia, Kidoti."

"Bibi." Alitua mkoba chini. "Bibi, si kila kitu kimetimia. Ile karatasi imekufa."

Akasema yote bila kujipamba: ujumbe aliopewa, sifa, kamba, hata shauri la Redio. Alipomaliza alifumba macho akingoja kelele. Alipoyafumbua, Bibi alikuwa anavaa viatu.

"Bibi, hunigombezi?"

"Nitakugombeza njiani. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

"Mama Tiketi anafunga kumi na moja. Shika mkono wangu, tusije tukaachana."

Walimkuta Mama Tiketi anafagia. Alishusha miwani kutoka kichwani, akabonyeza mashine yake, akatikisa kichwa. "Walikiachia jana ile ile. Na ndege ile sasa imejaa pomoni."

Bibi akakaa kwenye kiti polepole. "Lakini karatasi si hii hapa?"

"Karatasi haijui kama imekufa, mama yangu. Unaona herufi hizi sita? Mtu wa dirishani kule ubalozini huziandika kwenye mashine yake. Kiti kikiwa kimeachiwa, hakuoni humo. Atasema umemletea safari isiyokuwepo, na hapo hata karatasi zako za kweli zitaanza kutiliwa shaka."

Kidoti alihisi macho yakimchoma. "Mama Tiketi, hakuna ndege nyingine? Tafadhali. Ni mimi niliyekosa, si Bibi."

Mama Tiketi alimtazama, akaurudisha ufagio ukutani, akakaa. Akatafuta. Shirika la kwanza, hakuna. La pili, ndege yake ilifika siku mbili baada ya upasuaji. Bibi alihesabu siku kwa vidole. Shirika la tatu, Mama Tiketi akainama karibu na kioo.

"Hii hapa. Siku ile ile mliyoijaza kwenye fomu ya viza, ila inaondoka alfajiri na kubadilisha ndege mara mbili. Utaweza, mama?"

"Hata ikibadilisha mara kumi."

"Ila hawa ni wakali. Wanashika saa ishirini na nne tu. Kesho saa kumi na moja jioni, kwisha. Kesho ubalozini unaingia saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi," alijibu Kidoti upesi, "na safari hii nimesikia kwa masikio yote mawili."

Mama Tiketi akacheka. Karatasi mpya ikatoka, na hakuna aliyeivalisha kitu.

Asubuhi, mwalimu alimpa Kidoti ruhusa amsindikize bibi yake. Ubalozini, nyuma ya dirisha la kioo, alikaa karani mwenye tai, mtu wa maneno machache. Aliandika zile herufi sita. Kidoti alihesabu kila mbofyo.

"Ipo," alisema karani. "Kwenda na kurudi. Sawa."

"Na ikifa leo jioni, baba?" aliuliza Bibi.

"Mimi nimeshaiona ikiwa hai. Usinunue tiketi kabla ya jibu letu. Viza ikitoka, ndipo ununue tiketi kamili, maana uwanja wa ndege karatasi ya namna hii haitatosha. Rudi baada ya siku kumi."

Siku ya kumi walirudi, na viza ilikuwa imebandikwa ndani ya pasipoti. Bibi aliipapasa kwa kidole gumba kama anayepima kitambaa. Walikaa kwenye benchi nje ya geti, na hapo ndipo ugomvi ulioahidiwa ulipofika, lakini ulikuja taratibu.

"Mjukuu wangu, kusahau si dhambi. Mimi mwenyewe nimewahi kushona suruali yenye mguu mmoja mfupi. Lakini ukipewa neno la mtu, lifikishe lingali na kazi. Na ukweli nao ni hivyo hivyo. Ungeniambia Ijumaa, tusingekimbia. Uliniambia Jumanne, tukakimbia tukawahi. Ungeniambia Jumatano jioni, ungekuwa ukweli bado, lakini usingenifikisha kwa mama yako."

Kidoti aliinamisha kichwa begani mwa Bibi.

"Haya, tumpigie mama yako tumpe habari, kisha twende kwa Mama Tiketi tukanunue tiketi yenyewe."

"Bibi, naomba nimpigie mimi," alisema Kidoti. "Nimwambie viza imetoka. Halafu nimwambie na ile ya Jumatatu."

Bibi akampa simu.